Kuishi na Kutembelea Makazi ya Mapumziko Kando ya Ziwa

Kabla ya kulipia nyumba, au hata chumba cha siku mbili, omba nakala ya kanuni za jumuiya ya wenye nyumba wa hapo uisome yote, kwa kuwa humo ndimo utakamojua gati ni la nani, nani anaruhusiwa kuingiza boti na ada ya mwaka inagharimia nini. Anayenunua aulize pia kama ziwa ni la asili au ni bwawa, maana maji ya bwawa hupandishwa na kushushwa na wanaolisimamia, na gati lililokuwa likielea mwezi uliopita huweza kukutwa limelala topeni.

Mkazi wa kudumu aanze na tangi la maji taka. Likijaa au kupasuka, huvujisha fosforasi, ambayo hutoka pia katika mbolea ya bustani na kustawisha mwani. Ukiona maji ya kijani yenye utando kama rangi ya ukutani iliyomwagika, usiogelee wala usimwache mbwa ayanywe, kwani yanaweza kuwa na sumu ya kumwua kwa saa chache. Ukingoni acha majani marefu na vichaka vichuje maji ya mvua, hata kama nyasi zilizofyekwa zinapendeza zaidi.

Mgeni anayekuja na boti aikague kabla ya kuishusha. Mabuu ya kome wavamizi, yaani kome wa kigeni wanaoenea na kuharibu ziwa, hayaonekani kwa macho, nayo husafiri katika maji kidogo yaliyosalia chini ya boti. Kwa hiyo, ukiwa bado mbali na ziwa, fungua vizibo, mwaga maji yote, osha, kisha kausha kabisa.

Jaketi la kuokolea maisha huvaliwa, halikaliwi. Hatari isiyojulikana na wengi ni gati lenye umeme: hitilafu ya nyaya huweza kupitisha umeme majini na kumkaza mwogeleaji misuli asiweze kujiokoa, na anayejitosa kumsaidia hunaswa vilevile. Zima umeme kwanza, kisha mrushie boya.

Usiku, hewa baridi iliyotanda juu ya maji huinamisha sauti irudi chini, hivyo mazungumzo ya kawaida barazani husikika hadi ng'ambo. Redio izimwe mapema, na mwenye la kusema juu ya jirani aingie ndani kwanza, afunge dirisha.