Kutunza insulini ya mtoto nyumbani kusiko na friji

Mtoto mwenye kisukari akiletwa kliniki sukari imepanda, na mama anaapa hakuruka sindano hata moja, siku hizi sianzi kwa kuuliza amekula nini. Naomba kwanza nikione kichupa cha insulini.

Somo hilo nilipewa na mama mmoja aliyeambiwa aweke dawa "kwenye baridi". Hakuwa na friji, akaomba nafasi kwenye friza ya jirani. Kichupa kikaganda, kikayeyushwa, mtoto akachomwa nacho siku tatu. Alifika anatapika na kuhema kama aliyetoka mbioni. Mama alitii neno kwa neno. Waliokosea ni sisi tuliosema baridi bila kusema kiasi gani.

Hatua ya 1: Chukua kichupa kimoja tu. Ambacho hakijafunguliwa hukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Kilichofunguliwa, kwa aina nyingi, huvumilia joto la kawaida la chumba lisilozidi nyuzi 25 au 30 kwa takriban wiki 4. Soma karatasi iliyomo kwenye boksi. Kwa hiyo kiombe kituo cha afya kikuwekee vya akiba. Cha nyumbani kiandike tarehe uliyokifungua.

Hatua ya 2: Tengeneza chungu cha kupozea. Tafuta vyungu viwili vya udongo visivyopakwa rangi, kimoja kiingie ndani ya kingine na kubakisha nafasi ya vidole viwili hivi pande zote. Tandaza mchanga chini ya kile kikubwa, kalisha kile kidogo juu yake, jaza mchanga pembeni, kisha umwagie maji mpaka ulowe. Tia kichupa ndani ya kopo lenye mfuniko ili kisilowe, kopo liingie chunguni, halafu funika kwa kitambaa kibichi.

Weka chungu kivulini penye upepo. Kinachopoza ni maji yanayogeuka mvuke na kuondoka na joto. Ukikificha kabatini, umepata chungu kilicholowa tu. Penye hewa kavu hupoza vizuri, penye unyevunyevu hupoza kidogo sana, hivyo ukipata kipimajoto kiweke ndani ujionee. Hata kikipoza vizuri hakiwi friji, na ndiyo maana vya akiba nimeviacha kituoni.

Mchanga umwagiwe maji asubuhi na jioni. Mtoto akiwa mkubwa kidogo mpe kazi hiyo. Kwa niliyoyaona, hasahau kama baba yake.

Hatua ya 3: Kagua kabla ya kuchoma. Insulini angavu kama maji ikiwa na ukungu, usiitumie. Ile ya rangi ya maziwa iviringishe viganjani taratibu, usiitikise. Ikibaki na mabonge au chembe zilizong'ang'ania kioo, imekwisha hiyo. Iliyowahi kuganda haifai hata ikionekana nzima.

Hatua ya 4: Sukari ikipanda bila sababu, shuku kichupa kabla ya kushuku dozi. Hapa ndipo naona hatari kubwa kuliko zote. Joto hupunguza nguvu ya insulini kidogo kidogo, na kwa macho hutajua. Familia inaongeza yuniti, yaani kipimo cha insulini, inaongeza tena, mpaka siku kinapofunguliwa kichupa kipya chenye nguvu kamili. Dozi ile ile sasa inaiporomosha sukari, mtoto anatetemeka, anatoka jasho, anaweza kupoteza fahamu. Usipandishe dozi peke yako. Nenda na kichupa kituoni, na ukibadilishiwa mweleze muuguzi dozi uliyokuwa umefikia.

Wakati unashuku, usiache kumchoma, hata kama mtoto hataki kula. Insulini dhaifu ni afadhali kuliko kukosa kabisa, ilimradi unatafuta nyingine siku hiyo hiyo. Akianza kutapika, kulalamika tumbo au kuhema kwa nguvu, hilo si la kusubiri asubuhi: mpeleke hospitali, na kichupa ukibebe.