Jinsi ya kuomba kiwanja kitengwe kuwa eneo la wazi la umma kwa kutumia ramani za kompyuta

Ni nadra ombi la kutenga eneo la wazi kukataliwa kwa udhaifu wa hoja. Mara nyingi hukwama kwa sababu ramani iliyoambatishwa hailingani na ile iliyo jaladani. Nimetoka kulipitia zoezi hili, na sitakawia kwenye fomu, ambayo haidai zaidi ya jina, anwani na sahihi.

Anzia masijala ya ardhi kabla ya kuwasha kompyuta. Huko utajua kama kiwanja ni cha mtu binafsi, ni hifadhi ya barabara, au tayari ni cha umma kwenye karatasi, na katika hali hii ya mwisho unachopaswa kuomba ni kilindwe, si kitengwe. Omba nakala ya ramani ya upimaji, kisha uulize kwa barua imechorwa kwa mfumo gani wa majira ya nukta, yaani namba zinazoonyesha mahali pa kila nukta ardhini. Swali hilo likiulizwa kwa mdomo, jibu hutegemea ni nani aliyeketi dirishani siku hiyo.

Takwimu za kuanzia hupatikana bure. OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea na iliyoanza mwaka 2004, ina barabara na majengo, na programu huria ya ramani ya QGIS inatosha kuzichambua, mradi uwataje wachangiaji wa OpenStreetMap kwenye ramani yako kama leseni inavyotaka. Picha za setilaiti za Sentinel-2 zina pikseli za mita 10, kwa hiyo zinafaa kuonyesha mtaa ulivyo na miti au usivyo nayo, lakini hazifai kuonyesha mpaka wa kiwanja. Tena, si kila palipo kijani ni pa umma: uwanja wa gofu hung'aa kuliko bustani yoyote. Nenda kwa miguu ukaandike penye geti, kiingilio na saa za kufunga.

Uhaba wa maeneo ya wazi upime kwa umbali wa kutembea. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, katika kipimo cha 11.7.1 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu, hutumia mita 400 kwa kufuata njia. Duara la mita 400 ni rahisi kulichora, ila huvuka reli, mto na kuta kana kwamba wakazi wana mabawa, na afisa mipango miji makini atalikataa. Tumia mtandao wa njia, kisha onyesha ni makazi yapi yatakayofikiwa kiwanja kikitengwa, ambayo leo hayafikiwi.

Hatua inayokula muda na fedha ni ya majira ya nukta. Simu hutumia WGS 84, mfumo wa majira ya nukta wa dunia nzima, ilhali upimaji wa zamani katika nchi nyingi ulitumia misingi mingine, na tofauti baina yake yaweza kufika mamia ya mita ardhini. Matokeo yake ni kwamba bustani unayoiombea huangukia juu ya nyumba za watu, nawe huambiwa tu kwamba ramani “haikai”, bila maelezo zaidi, na ulipe ada upya. Badilisha mfumo ndani ya QGIS kwa kuchagua ule ulioandikwa kwenye jibu la masijala, kisha ulinganishe na mawe ya mipaka angalau mawili yanayoonekana. Usipime ukubwa wa eneo kwa Mercator ya mtandaoni, mchoro unaotumiwa na ramani nyingi za mtandaoni, kwani kwenye latitudo ya 60 eneo huonekana kubwa mara 4; tumia ukanda unaohusika wa UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda na kupima kwa mita. Unapowasilisha shapefile, ramani ya kompyuta inayoundwa na faili kadhaa, funga pamoja faili zote, hasa ile ya .prj inayotaja mfumo, kwa sababu bila hiyo fundi wa ofisi atakisia, na atakavyokisia ndivyo utakavyohukumiwa.

Peleka pia nakala ya karatasi yenye skeli, uelekeo wa kaskazini na tarehe ya takwimu, hata kama tangazo linasema maombi ni ya kielektroniki pekee. Kwa sababu asiyoijua mtu, mfumo wa kompyuta huwa haufanyi kazi siku ya mwisho. Dai mhuri wa kupokelewa na namba ya jalada kabla hujaondoka dirishani.

Wakati wa kusubiri, usikiweke kiwanja hicho kwenye OpenStreetMap kama bustani. Mwenye pingamizi anaweza kuifungua historia ya mabadiliko, ambayo iko wazi kwa kila mtu, akaonyesha kwamba bustani hiyo iliongezwa na mwombaji mwenyewe baada ya kuwasilisha ombi.