Udongo wa unga wa watoto: namna ya kuupika kwa mbabula, na habari ya familia yenye iligundua Play-Doh

Mvua ya Goma ikianza asubuhi na watoto wamefungiwa ndani ya nyumba ya mbao, saa moja haiishi wameshaanza kugombana. Siku hizo mimi nawapikia udongo wa unga, na wakiwa wanakanda nawahadithia familia yenye iligundua Play-Doh, udongo wa kuchezea wa dukani wenye huu wetu unafanana nao, juu kwangu hiyo hadithi ni nusu ya mchezo.

Chukua unga wa ngano vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, maji vikombe 2, mafuta ya kupikia vijiko vikubwa 2 na maji ya ndimu vijiko 2 pia. Mawese usiweke, yatapaka kila kitu rangi. Changanya vyote kwenye sufuria kabla ya moto, koroga mpaka mabonge yaishe, halafu teleka kwenye mbabula yenye makala machache, mlango wazi, moshi usiwakae watoto. Usiachilie mwiko. Kwanza inakuwa kama uji, kisha inaanza kushika chini, mkono unachoka kabisa, na mara inajikusanya katikati kama ugali na kuachana na sufuria. Gusa na kidole: isiponata imeiva. Mara ya kwanza niliiepua mapema ikabaki inanata, nikairudisha kwa moto ikakaa sawa, so usiitupe.

Ikipoa kidogo, ikande mezani kama unga wa mandazi, dakika kama 5, mpaka iwe laini kama ncha ya sikio.

Hapo njo naanza hadithi. Naonyesha watoto masizi yenye iko kwa ukuta juu ya mbabula, nawaambia hata Marekani zamani ilikuwa hivyo. Watu wa kule walikuwa wanapasha nyumba joto na makaa ya mawe, na kuta zao zilibandikwa karatasi za marembo, sasa karatasi ukiisugua na maji inaharibika. Mjini Cincinnati kulikuwa kampuni inaitwa Kutol, ya ndugu wawili, Cleo na Noah McVicker. Noah akatengeneza donge laini la kupitisha ukutani, linabeba masizi bila maji. Waliuza vizuri miaka mingi.

Halafu Cleo akafa kwa ajali ya ndege, 1949, na mtoto wake Joe akaingia kwenye kazi. Joe naye akapata kansa, ya Hodgkin, akiwa bado kijana, akatibiwa akapona. Na biashara ikaanza kuzama, juu watu walihamia gesi na mafuta, masizi ikapungua, na kukatokea karatasi za vinili, aina ya plastiki, zenye unafuta tu na maji. Aliyewaokoa ni shemeji ya Joe, Kay Zufall, mwalimu wa materneli huko New Jersey. Aliona udongo wa kawaida ni mgumu kwa vidole vya watoto wadogo, akawapatia lile donge la kusafishia kuta wafinyange mapambo ya Noeli, wakalipenda. Joe alitaka kuliita jina refu, Kay na bwana yake wakasema hapana, liite Play-Doh. 1956 likaanza kuuzwa, rangi moja tu, nyeupe-nyeupe; kisha nyekundu, bluu na njano zikafuata. Mimi namheshimu sana huyo mama, juu kiwanda kizima kilikuwa na donge mkononi na yeye njo aliangalia vidole vya watoto.

Tuendelee na rangi zetu. Gawa donge, kisha kila kipande kikandie rangi yake: maji ya betrave yaliyochemka mpaka yakawa mazito inatoa waridi, manjano ya unga inatoa njano, lengalenga iliyotwangwa na kukamuliwa inatoa kijani. Weka matone machache tu, ikilegea ongeza unga. Manjano inashika nguo, vaeni za kuchafua.

Na uangalie sana wasiikule, chumvi iliyomo ni nyingi mno kwa mtoto mdogo, hata mbwa usimpatie.

Wakimaliza, funga kila rangi kwenye sashe yake, kaza vizuri, weka mahali pa baridi. Ikikauka lowesha mikono uikande tena. Ikitoa madoa ya ukungu ao harufu, hiyo imekwisha, pika ingine. Vile vyenye wanataka kutunza viache bila kufunikwa siku kadhaa vikauke: chukudu yenye mwanangu alifinyanga, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, magurudumu mawili na mkono mmoja umepinda, bado iko kwenye dirisha.