Somo: Mguu umerefuka baada ya kubadilishiwa nyonga. Pima, subiri, ndipo upandishe soli

Malalamiko ni yale yale. Mtu katoka wodini, mshono umekauka vizuri, maumivu ya zamani yamekwisha, lakini akisimama anahisi mguu uliopasuliwa umemzidi mwenzake. Akitembea ni kama mguu mmoja uko barabarani na mwingine uko mtaroni. Nyumbani wanamwambia aende kwa fundi viatu akaongezewe soli, naye anakwenda. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Soli ya wiki ya 5 hufidia tofauti ambayo kufikia mwezi wa nne huenda isiwepo tena, na si mara moja huwekwa kwenye kiatu kisichohusika.

Somo hili ni kwa aliyebadilishiwa nyonga nzima, mshono umepona, na daktari wake kamruhusu kukanyagia mguu kwa uzito wote. Ambaye hajaruhusiwa, asome tu, asifanye.

Urefu wa kweli na urefu wa kuhisi

Urefu wa kweli ni wa mfupa na chuma chenyewe. Daktari anapoweka nyonga bandia, nyama na misuli inayozunguka kiungo lazima ikazike vya kutosha, la sivyo kichwa cha chuma huchomoka kwenye kikombe chake. Kukaza huko wakati mwingine hugharimu milimita kadhaa za urefu. Kuna jambo jingine watu hulisahau: nyonga iliyolika kwa miaka ilikuwa imeshaufupisha mguu kidogo kidogo, na mwili ukazoea. Ukirudishiwa urefu wako wa asili, unauona mgeni.

Urefu wa kuhisi hauna mfupa ulioongezeka. Misuli ya ubavuni mwa nyonga, ile inayopeleka mguu pembeni, imekakamaa. Ukirudisha mguu katikati usimame, misuli hiyo inavuta fupanyonga (mfupa mpana wa kiuno) chini upande huo, na mguu unaonekana mrefu. Kiuno kilichokuwa kigumu tangu zamani huzidisha hali. Hii ndiyo aina ya kawaida katika miezi ya mwanzo, na kwa wengi hupungua ndani ya miezi 3 hadi 6 kwa mazoezi.

Hatua ya 1: Pima kwa futi, ukiwa umelala

Lala chali mahali pagumu, si kwenye godoro linalobonyea. Nyoosha miguu yote, visigino viachane kiasi cha kiganja kimoja. Msaidizi atafute ile ncha ya mfupa iliyo mbele ya kiuno, pale mkanda wa suruali unapokaa, kisha apime kwa futi ya fundi cherehani mpaka kifundo cha ndani cha mguu. Apime kila mguu mara tatu, achukue wastani. Huo ndio urefu wa kweli.

Halafu apime tena kutoka kitovuni mpaka kifundo kile kile. Kama kipimo cha kwanza kinalingana miguu yote miwili, lakini cha kitovuni kinatofautiana, fupanyonga limepinda na mifupa iko sawa. Futi hukosea kirahisi mm 5 hadi 10, hasa kwa mtu mnene, kwa hiyo usimnunulie mtu kiatu kwa kipimo hiki peke yake.

Hatua ya 2: Pima kwa karatasi, ukiwa umesimama

Hiki ndicho kipimo chenye faida zaidi, na vifaa vyake viko kila mahali. Rimu ya karatasi za A4 za kawaida, gramu 80, ina karatasi 500 na unene wa karibu sm 5. Maana yake karatasi 10 ni mm 1, karatasi 30 ni mm 3, karatasi 100 ni mm 10.

Simama pekupeku kwenye sakafu iliyo sawa, magoti yamenyooka kabisa, mbele yako kuwe na meza ya kushika. Msaidizi achuchumae nyuma yako, aweke viganja juu ya mifupa ya kiuno kushoto na kulia, vidole vikiwa vimelala, macho yake yawe usawa wa mikono. Ateleze karatasi 30 chini ya mguu ulio mfupi. Aangalie. Aongeze 20. Asimame pale mikono yake inapolingana, na amwulize mwenye mguu kama anahisi yuko sawa. Andikeni namba zote mbili: ya mikono na ya mwenyewe kuhisi. Zikitofautiana, mfuate mwenye mguu. Mwili haupendi kusawazishwa kwa lazima.

Kosa linaloharibu kipimo hiki ni goti. Mwenye mguu mrefu huzoea kukunja goti kidogo ili alingane, mwenyewe bila kujua. Msaidizi aligonge kwa nyuma: likiwa laini na linacheza, limekunjwa.

Rudia baada ya wiki 4, siku na saa ileile. Namba ikishuka, endelea na mazoezi tu. Isiposhuka hadi kufikia mwezi wa tatu au zaidi, omba eksirei ya fupanyonga lote, nyonga zote mbili kwenye picha moja. Picha ya nyonga moja haisaidii kulinganisha, na hata hiyo nzuri haioni tofauti iliyo kwenye goti au muundi.

Hatua ya 3: Mazoezi kabla ya soli

La kwanza ni kulifupisha guu ukiwa umelala chali. Miguu imenyooka, vuta kiuno cha upande uliopasuliwa kielekee mbavuni, kisigino kikiteleza juu bila goti kukunjika. Shikilia sekunde 5, achia. Mara 10, asubuhi na jioni. Linaonekana dogo mno, lakini linapinga moja kwa moja ule mvuto unaoshusha fupanyonga.

La pili: simama, shika meza, peleka mguu uliopasuliwa pembeni kiasi cha sm 20 bila kuinamisha mwili. Mara 10, mizunguko 3. Ukiinamisha mwili, unaofanya kazi ni mgongo.

La tatu ni kulala kifudifudi dakika 10 hadi 15 kwa siku ili kunyoosha mbele ya nyonga. Hili muulize daktari kwanza, hasa kama mshono wako uko mbele ya paja, kwa kuwa baadhi ya madaktari huzuia kupeleka mguu nyuma wiki za mwanzo.

Kama nyumbani kuna mizani mbili za kupimia uzito, simama kila mguu kwenye mizani yake. Mwenye kilo 70 aone karibu 35 kila upande. Wengi wataona 28 kwa 42, na hapo ndipo wanaelewa kwa nini wanachechemea.

Hatua ya 4: Soli, na kwa kiasi gani

Chini ya mm 5, acha. Kati ya 5 na 10, wengi hawahitaji kitu. Weka tu kama mgongo au goti linalalamika. Kuanzia 10, fidia nusu hadi theluthi mbili, si yote. Mfano, tofauti ni mm 18: lenga 12. Anza na 4, kaa nayo wiki mbili, panda hadi 8, wiki mbili tena, ndipo 12. Maumivu mapya yakizuka, rudi hatua moja nyuma.

Soli inawekwa upande wa mguu MFUPI. Mguu uliopasuliwa ukiwa ndio umerefuka, soli inakwenda kwenye kiatu cha mguu mzima, ule ambao haukuguswa. Mwandikie fundi kwa kalamu ndani ya kiatu.

Ndani ya kiatu huingia mm 6 hadi 10 tu. Zaidi ya hapo kisigino kinapanda kutoka kwenye nyumba yake na kiatu kinavuka kila hatua. Tumia sponji ngumu ya soli za ndala au ngozi iliyobandikwa tabaka tabaka. Ibonyeze kwa kidole gumba: ikibaki na kishimo, si hiyo, itakuwa bapa ndani ya mwezi. Ikate ianzie kisiginoni na kuishia nyuma kidogo ya unene wa wayo (ile nyama nene iliyo nyuma ya vidole), halafu piga msasa mwisho wake mpaka uwe mwembamba kama karatasi. Ikikatwa wima, inaacha ngazi chini ya upinde wa mguu, na mtu atalalamika wayo unamuuma.

Inayozidi 10 iende nje, kwa urefu wote wa kiatu. Kisigino kikipanda peke yake, uzito unasukumwa vidoleni na mshipa wa nyuma ya kisigino unafupika. Fundi abandue soli ya chini, aingize tabaka, airudishe. Kipimo cha mfano kwa tabaka la mm 16: kisiginoni 16, chini ya unene wa wayo 8, ncha ya vidole 4, na ncha hiyo ipindwe juu kidogo ili kiatu kiviringike badala ya kujikwaa. Gundi ipakwe pande zote mbili, iachwe dakika 10 hadi 15 mpaka isishike kidole, ndipo igandamizwe na kugongwa. Mafundi wenye haraka hubandika ikiwa mbichi, na tabaka hufunguka ncha siku ya mvua ya kwanza. Tairi la gari liachwe. Ni zito, na mguu dhaifu unaliburuza.

Viatu viwe vya kamba au vya mkanda unaofunga kisigino. Kandambili hazishiki soli ya namna hii. Kwa tofauti kubwa, karakana za viungo bandia kama za hospitali za KCMC Moshi au CCBRT Dar es Salaam hufanya kazi hii kwa vipimo.

Hatua ya 5: Ndani ya nyumba

Sisi tunavua viatu mlangoni. Mtu anavaa soli yake saa mbili za sokoni, kisha anashinda pekupeku saa kumi jikoni, halafu anasema soli haikusaidia. Tengeneza jozi ya pili ya ndani, makubadhi yenye mkanda nyuma, soli safi, yasiyotoka nje. Mahali unaposimama sana, kwenye sinki au meza ya kupigia pasi, weka kibao cha unene uleule chini ya mguu mfupi.

Ukishapandisha soli, pima upya fimbo yako: mkono ukining'inia, mpini ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanza. Fimbo hushikwa mkono wa upande wa pili na nyonga iliyopasuliwa.

Maswali yaliyoulizwa

*Shikamooni. Mama ana wiki ya sita, fundi kashampandishia sm 2. Anasema anajisikia vizuri. Tuiache?*

Marahaba. Iondoeni. Anajisikia vizuri kwa sababu soli imeufuata mpindo wa fupanyonga, na ukiufuata sasa utakakamaa hivyo hivyo. Kama ataanguka kwa kuondolewa ghafla, mpunguzieni mm 5 kila wiki huku mkianza mazoezi.

*Mimi mguu mrefu hauumi, linaniuma goti lake.*

Unatembea ukiwa umelikunja ili ulingane. Pigwa kile kipimo cha karatasi na goti limenyooka. Likigoma kunyooka kabisa, kaa kisigino kikiwa juu ya taulo lililokunjwa, kaza paja kubonyeza goti chini, sekunde 5 mara 10. Soli isubiri goti lifunguke.

*Msikitini siwezi kuingia na kiatu. Nifanyeje?*

Kusimama pekupeku dakika chache hakuna madhara. Simama magoti yamenyooka, tanua miguu kidogo. Shida kubwa ni rukuu na sijda: wengi waliopasuliwa kwa nyuma huzuiwa kukunja nyonga kupita pembe ya digrii 90 kwa wiki 6 hadi 12. Sali ukiwa kwenye kiti mpaka daktari aseme vingine.

*Na kukaa kwenye mbuzi kukuna nazi?*

Mbuzi iko chini kuliko choo cha kukaa. Magoti yanapanda juu ya nyonga, na ukiinama mbele ndipo kichwa cha chuma huchomoka. Mpe mwingine akune, au kwa sasa tumia ya kukunia mezani.

*Baba alikuwa sawa miaka miwili. Sasa mguu wake uliopasuliwa umefupika na paja linauma akianza kutembea.*

Hilo si la soli. Mguu uliokuwa sawa ukianza kufupika polepole na paja kuuma, chuma huenda kinazama au kimelegea ndani ya mfupa. Eksirei wiki hii, na mchukue zile za zamani zilinganishwe. Ukifupika ghafla kwa maumivu makali na vidole kugeukia ndani, kiungo kimechomoka: asikanyagie, msimvute, asile wala kunywa, apelekwe hospitali moja kwa moja. Vilevile mguu ukishindwa kuinua vidole au ganzi ikashuka hadi unyayoni, ni mshipa wa fahamu, usingoje kliniki.

*Hawawezi kupasua tena wapunguze?*

Wanaweza, ila ni kwa wachache: tofauti kubwa, maumivu yasiyotulia, au chuma kilichokaa vibaya. Ukipunguza urefu unalegeza misuli, na kiungo kilicholegea huchomoka.

*Kiatu kimoja kinene kinanitia aibu ofisini.*

Gawa. Kwa tabaka la mm 16, weka 6 ndani ya kiatu cha mguu mfupi, 5 nje, na mwambie fundi achonge 5 kutoka soli ya kiatu cha pili kama ina unene wa kuchongeka. Ukiwa na suruali ndefu, hata anayekaa meza ya jirani hataona.