Tangi dogo la maji ya chumvi Nairobi: uanze na nani, uishie wapi

Watu huniuliza waweke samaki gani. Mimi huwauliza kwanza stima kwao hupotea kwa saa ngapi, maana pampu ikizima samaki hukosa oksijeni. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa. Ndiyo maana kwenye lita 80 mimi huweka samaki wawili, basi.

Hatua ya 1. Washa tangi likiwa na mawe na mchanga tu, wiki nne hadi sita, mpaka amonia na nitraiti, sumu zitokanazo na uchafu, zisome sifuri kwenye kipimo. Chumvi 1.025 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji baridi yasiyo na chumvi), joto nyuzi 25 au 26. Julai hii yetu, bila hita utaua.

Hatua ya 2. Tanguliza wafagizi: konokono watatu na kaa wawili wa kujificha ndani ya magamba.

Hatua ya 3. Sasa samaki. Chaguo langu ni jozi ya Amphiprion ocellaris, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari mitatu myeupe. Tafuta waliozaliwa kwenye matangi, hawasumbui kula. Jamaa yao wa pwani yetu, Amphiprion allardi, ni mkubwa na mkali zaidi. Anemone, yule mnyama wa bahari afananaye na ua ambaye samaki hawa hukaa ndani yake, si lazima: hutaka taa kali na tangi lililokomaa, tena hutembea hadi ikanaswa na pampu.

Chaguo jingine, Nemateleotris magnifica, mwenye mkia mwekundu, ni mpole na mzuri, ila huruka. Wangu nilimkuta nyuma ya televisheni, mkavu kama dagaa. Funika tangi kwa wavu. Samaki aitwaye kangaja (surgeonfish) usimguse hata akiwa mdogo kama kidole. Atakua, na hapo hapatamtosha.

Hatua ya 4. Dukani, mwombe muuzaji amlishe ukiona. Asiyekula, anayehema mbio au mwenye vidoa vyeupe, mwache.

Hatua ya 5. Nyumbani, mdondoshee maji ya tangi lako kwa mrija mwembamba kwa muda wa saa moja, kisha mvue kwa wavu. Maji ya duka mwaga chooni: yakiwa na dawa ya shaba, kaa na konokono wako watakufa.

Kabla hujalala, jaribu pampu ya hewa ya betri, ile ya kutumia stima ikipotea. Yangu hukaa juu ya tangi, si kwenye droo. Gizani saa tisa usiku droo haionekani.