Kupima damu ya utumbo kwa ultrasaundi, kabla na baada ya mazoezi

Mazoezi makali huondoa damu tumboni na kuipeleka kwenye misuli na ngozi. Mtiririko wa kwenda utumbo, ini na viungo jirani unaweza kupungua hata kwa asilimia 80. Mabadiliko makubwa namna hiyo humfanya mpimaji adhani hawezi kukosea, na hapo ndipo ninapowasisitizia wanaoanza wasiwe na haraka.

Mshipa tunaoufuata ni ateri ya mesenteri ya juu, unaopeleka damu kwenye utumbo. Huchipuka mbele ya aota, ateri kuu ya mwili, takriban sentimita moja chini ya shina la siliaki, tawi linalolisha tumbo na ini. Mwambie mshiriki aje amefunga tangu usiku, kwa sababu chakula huongeza mtiririko mara mbili au tatu, na ongezeko hilo linaweza kuficha kabisa athari ya mazoezi. Alale chali, atulie, ndipo upake jeli. Mtu aliyefunga huonyesha kwenye skrini mawimbi ya kasi ya damu yenye kilele kikali na damu kurudi nyuma kidogo mwanzoni mwa kulegea kwa moyo. Usipoiona alama hiyo, muulize tena alikula lini.

Sasa kipenyo. Mimi humaliza muda mwingi hapa kuliko popote, na sijutii. Chukua mshipa wa milimita 6 wenye kasi ya wastani ya sentimita 25 kwa sekunde: mtiririko ni kama mililita 424 kwa dakika. Alama zako zikiteleza hadi milimita 6.3, hesabu inaruka hadi 468. Kosa la asilimia 5 kwenye kipenyo limekuwa zaidi ya asilimia 10, maana mtiririko ni kasi mara eneo la mshipa, na eneo hutokana na kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe. Kuza picha, weka alama kutoka ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani, kwenye hatua ileile ya pigo la moyo, kisha rudia mara tatu utafute wastani. Picha ya kipenyo hutaka miale iupige mshipa wima, Dopla, yaani kipimo cha kasi ya damu, inataka mshipa uliolala kwa mshazari. Kwa hiyo piga picha mbili, usilazimishe moja ifanye kazi zote.

Pembe ya Dopla, kati ya miale na mwelekeo wa damu, isizidi digrii 60. Kwenye 60, ukikosea digrii 5 kwenda juu, kasi inazidi kwa karibu asilimia 18. Kwenye 45 kosa hilohilo ni karibu asilimia 10. Weka lango la sampuli, yaani sehemu ya picha ambapo kasi inapimwa, sentimita 2 hadi 3 kutoka chanzo cha mshipa, andika umbali na pembe, uvirudie vilevile baadaye.

Baada ya mazoezi ndipo kazi inapokuwa ngumu. Mshiriki anahema, kiwambo cha kupumulia kinapanda na kushuka, mshipa unatoka kwenye picha, na damu inaanza kurudi tumboni kila sekunde unayoitafuta. Kitanda kiwe kando ya baiskeli. Chora mahali pa kuweka probu, kifaa cha mkononi cha ultrasaundi, kwa kalamu ya ngozi tangu wakati wa mapumziko. Mwombe atoe pumzi kawaida na kuishikilia kwa muda mfupi tu, asikaze tumbo. Chukua kasi kwanza, kipenyo baadaye, na andika ni sekunde ngapi zimepita tangu aache kukanyaga. Kama gesi imeziba kipenyo, ripoti kasi peke yake. Naiheshimu kasi safi kuliko mtiririko uliojengwa juu ya kipenyo cha kukisia.

Uaminifu wa kipimo cha mapumziko, yaani kinavyotoa jibu lilelile kikirudiwa, hauhamii kwenye kipimo cha baada ya mazoezi. Upime kivyake: mshiriki yuleyule, zoezi lilelile, saa ileile, siku mbili tofauti, mpimaji mmoja, na msomaji wa picha asijue ni ya siku ipi. Chukua mchepuko sanifu wa tofauti za siku hizo mbili, gawa kwa kipeuo cha pili cha 2. Hilo ndilo kosa lako la kawaida. Zidisha kwa 2.77 upate badiliko dogo kabisa la kuaminika kwa mtu mmoja. Kosa likiwa asilimia 12, badiliko la mtu mmoja lililo chini ya takriban asilimia 33 lisiitwe badiliko. Wastani wa kundi unaweza kuonyesha tofauti ndogo zaidi, ila amua idadi ya washiriki kwa kosa ulilolipima mwenyewe kwenye mashine yako, na uiandike namba hiyo kwenye ripoti kando ya matokeo.