Mota ya volti 24 kwa betri ya volti 12

Anayeunda kichwa cha treni ndogo ya kubeba watu kwa gharama nafuu na achague mota ya DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri) yenye sumaku za kudumu, ya aina inayofungwa kwenye skuta za umeme, iliyoandikwa volti 24, kisha aiendeshe kwa betri ya volti 12. Kwa kuwa kasi ya mota hiyo hufuata volti ilhali nguvu ya kuzungusha hufuata ampea, itazunguka takribani nusu ya kasi iliyo kwenye kibandiko bila kupungukiwa msukumo, nawe hutalazimika kufunga kwenye ekseli sproketi (gurudumu la meno la mnyororo) kubwa ya kupunguza kasi, inayokaribia kugusa reli. Wati nazo hupungua kwa nusu. Tena kwenye mwinuko mrefu, mabehewa yakiwa yamejaa, mota inaweza kuchemka, hasa ile inayopozwa kwa feni yake yenyewe, kwa kuwa feni nayo huzunguka polepole.